Onja Wewe Kwanza

Pale Garsen mteja wa maziwa hamwamini mtu. Atafungua mtungi wako, anuse, autikise, kisha akumiminie kikombe kizima: "Onja wewe kwanza." Ukikimaliza bila kukunja uso, basi hukutia maji ya mto. Ndivyo akko, yaani bibi yangu, alivyouza miaka yote, na magoti yalipoanza kumsumbua akasema atanijaribu mimi. Kichwani nilikuwa nimeshajenga duka: friji ndefu, ukuta wa samawati, na ng'ombe wetu mwekundu amechorwa mlangoni anacheka.

Tatizo lilikuwa tumbo. Nikishakunywa kile kikombe kwa mteja wetu mwenye hoteli, hata sijafika mbali linaanza kunguruma, linajaa upepo, kisha ni mbio kutafuta choo cha watu. Mwenye hoteli akawa ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Maziwa yako yanakukimbiza wewe mwenyewe," akaniambia mbele ya wateja. "Mimi niwapikie watu chai gani?"

Akasema akiona hivyo tena, atatafuta muuzaji mwingine.

Akko hakuyashuku maziwa. Alinishuku mimi. Kwetu sisi wafugaji wazee hawagusi samaki, na wanaamini samaki na maziwa havikai tumbo moja. Nami nina rafiki kule Golbanti, kwao ni wakulima wa mtoni na samaki wanakula, na huwa naenda kumtembelea.

"Lete mkono," akko akasema.

Akanusa kidole kimoja kimoja.

"Nimekula mahindi tu, akko."

"Mahindi yenye miiba?"

Basi nikawa naishi na polisi nyumbani. Na shaka inaambukiza, maana hata mimi nilianza. Nikashuku kikombe cha hoteli, nikaenda na changu. Nikashuku kibuyu cha kukamulia, nikakifukiza moshi upya. Nikamshuku jirani aliyesifu meno yangu. Nikayachemsha maziwa, nikanywa. Tumbo likaimba vilevile.

Mwisho nikaenda zahanati. Sista akaniuliza kama naona damu, kama nina homa, kama nimekonda. Hapana. Akauliza, na maziwa lala je? Nikakumbuka. Kweli, ya kuganda ya kwenye kibuyu hayajawahi kunifanya kitu.

Akanieleza kwamba maziwa yana sukari yake, na tumbo lina kitu cha kuivunja. Kwa wengine kitu hicho hupungua wanapokua, hata wakiwa watoto wa wafugaji. Sukari ikibaki nzima huchachia huko chini, ndiyo ule upepo na kuharisha. Kuchemsha hakuiondoi. Maziwa yakiganda, sehemu ya sukari imeshaliwa, ndiyo maana tumbo linayavumilia. Akaniambia niache ya kawaida wiki mbili hivi nione, kisha nijaribu funda dogo nikiwa nimekula.

"Si sumu wala si jicho la mtu," akasema. "Lakini mifupa yako bado inataka chakula. Kunywa hayo ya kuganda, kula mboga za majani, na dagaa wale wa kutafuna na mifupa."

Nilimsimulia akko yote. Alisikiliza vizuri mpaka kwenye dagaa.

"Nilijua," akasema. "Huyo sista kwao wapi?"

Hata hivyo wiki zile alinipa ya kibuyu peke yake, akakaa kwenye njia ya choo akinisubiri. Sikupita. Siku nyingine hivyohivyo. Akaanza kukuna kidevu.

Asubuhi ya kurudi hotelini alifuatana nami, na magoti yake. Nilikuwa nimekula ugali. Mwenye hoteli akajaza kikombe, mimi nikapiga funda moja, nikakiweka mezani.

"Mbona umeacha?"

"Tumbo langu halivunji sukari ya maziwa. Funda linatosha kuonja."

Akatugeukia sote wawili, macho membamba. Duka langu la samawati likaanza kubomoka hapo hapo.

Akko akakivuta kile kikombe, akakimaliza taratibu, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Tumbo ni la kwake," akamwambia. "Maziwa ni ya kwangu. Sasa unanunua ama?"

Akanunua. Tukakaa pale kwenye benchi mpaka chai ya pili ikapikwa, akko akilisikilizia tumbo langu. Kimya. Ndipo akanipa kamba ya kufungia mtungi, ile aliyokuwa haitoi kwa mtu, nami nikanyoosha mkono kuipokea.

Akaushika mkono kwanza, akaunusa.