Blanketi la Herufi za Kirusi

Belo la mitumba likikatwa kamba, hutangulia harufu, nguo zinafuata. Ni harufu ya dawa, ya kabati lililofungwa siku nyingi, na ya sabuni za watu usiowajua. Wengine huziba pua. Mimi nikiisikia huwa na miaka minane tena, nipo sokoni Mbauda kwenye meza ya mama, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kitabu changu cha shule nimekikalia ili mtu asikione.

Nilikikalia kwa sababu nilikuwa sijui kusoma. Nisiwafiche, wenzangu. Nilikuwa darasa la pili, mdomo wangu haupumziki kama cherehani, lakini nikiwekewa sentensi ubaoni nageuka bubu. Herufi nilizofundishwa asubuhi zilinisindikiza hadi geti la shule, hapo zikaniaga. Mwalimu alimwita mama akamwambia waziwazi kwamba mwaka ukiisha sijajua kusoma, nitarudia darasa. Watoto wa mtaani kwetu Olasiti wakanitungia na wimbo. Sitawaimbia, bado unaniuma.

Mama hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa mwanamke wa Kondoa, mkali wa nyumbani na mkali wa bei. Mteja akilalamika kwamba shati ni ghali, mama alilikung'uta mbele yake akamwambia, "Usione vyaelea, vimeundwa," na mteja alilipa. Lakini siku ile aliyotoka kwa mwalimu alipanga na kupangua nguo zilezile mpaka jioni.

Wiki hiyohiyo, ndani ya belo likatoka blanketi la mtoto, la manjano, limejaa herufi kubwa, kila moja na picha yake. Nyingine nilizijua sura. Nyingine zilikuwa vituko vitupu: moja ilikuwa na miguu sita, na pembeni yake wamechora mdudu kwelikweli. Mzee Kaaya, bwana misitu mstaafu wa kule Olmotonyi, alikuwa amesimama mezani akitafuta koti, maana kwao baridi haina utani. Alilishika blanketi lile akacheka peke yake. Kumbe ujanani alipelekwa Urusi kusomea misitu. Akazisoma zile herufi zote palepale, kidole kikitembea, na wauza viatu wakasimama kumsikiliza.

Nikamuuliza kama na huko wapo watoto wasiojua kusoma.

"Wote huanza hawajui," akasema. "Mimi nimeanza nina ndevu."

Mama akamtazama mzee, akanitazama mimi, akalikunja blanketi. "Hili haliuzwi," akasema. Kwa mama, neno hilo lilikuwa geni kuliko Kirusi chenyewe. Akamweleza mzee kwamba toka utotoni anatamani lugha ya ng'ambo, ila kichwa chake kizito na meza haina wa kumwachia. Je, asingemfundisha Rehema wake, yaani mimi, kila Jumamosi, halafu Rehema akamfundishe mama nyumbani? Mzee akakubali, kwa sharti kwamba belo la makoti likifunguliwa yeye ndiye wa kwanza kuchagua.

Basi ikawa hivyo. Jumamosi nampa shikamoo, naye ananijibu, "Marahaba, mwalimu." Tunakaa nyuma ya nguo zilizotundikwa, blanketi magotini. Sijui niwaeleze vipi raha ile. Zile herufi hakuna mtoto mwenzangu aliyekuwa amezijua kabla yangu, hakuna wa kunicheka. Siku moja nikakuta nne zimefuatana chini ya picha ya mwanamke, nikaziunganisha kwa kidole, na neno likatoka mdomoni mwangu: mama. Mzee akaniambia hata kule humwita hivyohivyo. Lilikuwa neno la kwanza kulisoma maishani mwangu.

Ipo herufi moja ambayo haina sauti. Mzee alisema inakaa tu na jirani yake, ikamlainisha. Nikamuuliza mbona haifukuzwi.

"Waifukuze iende wapi?" akasema. "Bila hiyo neno linaharibika."

Niliipenda herufi ile kuliko zote. Niliichora kwa mkaa hata mlangoni kwa jirani, nikasemwa.

Nyumbani kazi ilikuwa nzito. Mama alikuwa mwanafunzi wa kukatisha tamaa. Anapembua mchele, namwonyesha herufi, anaitaja; nikigeuka, ameisahau. Ile inayotamkwa kama mtu anayejitwika gunia ilimshinda kabisa. Asubuhi, ananifunga vifungo vya shati la shule, ananong'ona, "Mwalimu, ile ya mdudu tulisemaje?" Ikabidi nikariri za kwangu na zake. Nilimhurumia kweli, nikawa navuta pumzi kama walimu wangu.

Mwisho akasema hizi zimemshinda, labda nimwonyeshe kwanza za Kiswahili aone tofauti yake. Akaleta kitabu changu mwenyewe. Nikakifungua upesi, kwa ajili ya kumsaidia mtu mzima aliyekwama, nikamsomea ukurasa, nikamsomea na wa pili. Kesho yake tena. Mwaka ulipoisha mwalimu alinisimamisha mbele, akadhani nimekariri, akafungua kurasa za mwisho ambazo hatujazifikia. Nikasoma. Nikaingia la tatu, na ule wimbo ukafa.

Hadithi hii nimeisimulia kwenye kila sherehe ya ukoo, na kichekesho chake siku zote kilikuwa mama, Mrangi wa Kondoa aliyeshindwa na herufi za blanketi la mtoto. Wageni walicheka. Yeye alicheka nao.

Mwaka jana nilikwenda kumsaidia kufungua belo. Likatoka koti zito lenye kitambaa cha maandishi ya Kirusi shingoni. Nikajidai kulisomea soko zima, nikakwama neno la pili. Zaidi ya miaka ishirini si mchezo. Mama alikuwa anatundika nguo kwenye henga nyuma yangu. Akachungulia begani kwangu, akasoma maandishi yote hadi chini, na ile ya gunia ndani yake, bila kusita.

"Mama, umejua lini?"

"Palepale mezani. Mzee Kaaya, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti kubwa, na mimi nilikuwa upande wa pili wa nguo."

"Sasa mbona kila siku ulikuwa unasahau?"

Akachukua koti mikononi mwangu, akalikung'uta. "Walimu ulikuwa nao, Rehema. Ulichokosa ni mwanafunzi."

Mwanamke huyu hajawahi kukubali kupunjwa hata kwenye soksi. Lakini nimemwita mzito mbele za watu miaka yote hiyo, akaniachia, na wala hakuwa na mpango wa kuniambia. Mteja akauliza bei ya koti. Mama akaitaja, wakaanza kuvutana, nami nikapindua ndoo kama zamani, nikakaa.