Paka Niliyempelekea Dada Skola

Enzi zetu paka hakuwa wa kupigwa picha. Alikuwa na kazi. Baba alilinda ghala la korosho hapa Nachingwea, mama alipepeta mtama, sisi watoto tulifukuza nyani kwenye mihogo, na paka alilinda makopa. Wenzangu wa rika langu mnayakumbuka makopa, ile mihogo tuliyoimenya, tukaianika juu ya paa hadi ikawa myeupe kama chaki, kisha ikapandishwa darini juu ya jiko ipate moshi. Panya waliyapenda kuliko sisi. Nyumba isiyokuwa na paka iliyamaliza makopa yake kabla ya mvua za kwanza, halafu watoto wake wakaanza kuonekana kwa jirani kila chakula kinapoiva.

Na hao panya wenyewe tuliwagombania. Nyie mliokulia kwingine msinicheke. Sisi watu wa kusini tunajua panya wa shamba aliyebanikwa akakauka vizuri anavyonoga kwa ugali. Mara ngapi nimekimbizana na paka wetu kwenye mabua, kila mmoja anataka awahi shimo! Akiwahi yeye nilimwita mwizi. Nikiwahi mimi alininunia hadi jioni.

Paka huyo aliitwa Karani, kwa sababu alikaa mlangoni pa stoo akimtazama kila anayeingia na kutoka, utadhani anaandika majina. Alikuwa wa dada Skola, dada yangu mkubwa. Skola ndiye aliyemleta akiwa mdogo wa kuenea kwenye kata ya kuchotea maji, kutoka kwa mpishi wa misheni. Na alimwingiza nyumbani kwa utaratibu wetu: unamtia paka kwenye gunia, unalizungusha gunia mara saba, ndipo unamfungulia ndani ya nyumba mpya, asiikumbuke njia ya alikotoka. Mama alihesabu kwa sauti, Skola akazungusha, na alipofika saba yeye ndiye aliyeanguka kwa kizunguzungu. Tulicheka wiki nzima. Tulikuwa tunakula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchimba wenyewe, tunacheza rede kwa mpira wa matambara mpaka kengele ya misheni ilie, na usiku Karani alilala miguuni pa Skola mkekani, akikoroma.

Ningependa niishie hapo. Zamani nilikuwa naishia hapo kila nikisimulia. Lakini mguu wangu unachezacheza chini ya meza ninapoandika, na chai nimeimimina mara mbili bila kuinywa, kwa sababu ya paka mwingine kabisa.

Huyu wa pili nilimkuta mwezi uliopita kwenye duka la dawa za mifugo, nilipokwenda kununua dawa ya kuku. Alikuwa ndani ya tenga nyuma ya kaunta, kajikunja. Jicho moja lilikuwa na ukungu, sikio limeliwa nusu, manyoya yamegandamana. Alipopiga miayo sikuona jino hata moja.

"Huyo anaitwa Mstaafu, Mwalimu," alisema Hamisi, kijana mwenye duka. "Alikuwa paka wa ghala. Walipoanza kuweka sumu ya panya wakamfungia nje. Nimemwokota kwenye mtaro masika, kalowa."

"Anaumwa nini?"

"Uzee. Na figo zimechoka, anakunywa maji kama trekta. Anataka chakula laini na nusu kidonge kila asubuhi. Akipata hivyo anakwenda vizuri tu."

Kisha akanieleza kwamba anafunga duka mwisho wa mwezi, anahamia Tunduru kwa wakwe zake, na wakwe hawataki paka. Asipopata mtu wa kumchukua, atamchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Alilisema hilo huku akimkuna paka kidevuni. Bora hivyo, alisema, kuliko kumwacha jalalani mbwa wamrarue.

Mimi sikuweza kumchukua. Mke wangu ana pumu, unyoya mmoja tu wa paka unatosha kumfanya akeshe amekaa kitako. Ningeweza basi kulipa dawa yangu na kwenda zangu. Badala yake nilimwambia Hamisi nitamtafutia mtu, nikatoka pale na mzigo ambao hakuna aliyenitwisha.

Binti yangu Neema akasema hilo ni jambo dogo, baba tulia, akampiga Mstaafu picha na kumtupia kwenye makundi yake yote ya simu. Loo! Watu walimhurumia jamani. Mmoja aliandika "mzee apewe maua yake", mwingine akaweka vikatuni vya kulia, mwingine akauliza kama paka ana bando. Hakuja mtu. Enzi zetu mtu akikusikitikia alikuja kwa miguu yake, akakaa, akala chakula chako akimaliza kusikitika. Hawa wa leo wanasikitika wakiwa wamelala, na kabla chozi halijakauka wameshahamia kwenye harusi ya mtu wasiyemjua.

Sisi wakubwa hatukuwa bora. Jirani mmoja aliniambia paka wa umri ule si bure, lazima ana mwenyewe, na mwenyewe huyo hamtembezi mchana. Nilizunguka sokoni, parokiani, kwa fundi cherehani mwenye panya. Kila mmoja alitaka paka, ila si huyo. Nilikuwa naamka alfajiri nafikiria sindano ya Hamisi, nafagia uwanja ambao Neema alikwishaufagia.

Hatimaye Mzee Mkwanda, anayenunua mbaazi na ana stoo kubwa karibu na stendi, akakubali. Nilishukuru hadi nikaona aibu. Nikampelekea tenga, naye akatoka na gunia, maana hakuna paka anayeingia kwa mtu mzima wa hapa bila gunia. Akamtia Mstaafu, akakaza mdomo wa gunia, akaanza kuzungusha na kuhesabu. Mimi nilisimama nikaangalia tu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Alipomfungulia, Mstaafu hakuweza kusimama. Aliegemea ubavu, akajikojolea, akawa anapapasa sakafu kwa mkono mmoja, na lile jicho zima likizunguka kutafuta chini ni wapi.

"Mbona huyu anataka kufa kabla hajaanza kazi?" Mkwanda aliuliza. Hakuwa mkali, alishangaa tu.

Nilimwokota nikamrudisha kwa Hamisi. Njiani sikumfikiria Mstaafu peke yake. Mkono ule unaopapasa sakafu nilikuwa nimeuona zamani, ukipapasa kutoka ndani ya gunia lililokuwa mikononi mwangu.

Karani alizeeka. Meno yalimtoka, akaacha panya, akaanza kukojolea makopa darini. Kwetu paka hauawi, hupelekwa. Siku moja Skola akiwa misheni kwenye mafundisho ya kipaimara, baba aliniita. "Kosmasi, mpeleke ng'ambo ya kijito. Umzungushe vizuri. Dada yako asijue." Nikampeleka, upande wa barabara ya Kilimarondo, mbali kabisa na mashamba, ambako hata watu wazima hawakwenda peke yao. Nilizungusha mara saba kisha nikaongeza saba nyingine, kwa kuwa nilitaka kusifiwa. Kabla ya kuanza, akiwa ndani ya gunia kifuani kwangu, alikuwa anakoroma. Alidhani nambeba tu.

Skola alimtafuta siku tatu, anagonga sahani ya bati kila kona ya mtaa. Siku ya tatu nilichoka kuisikia ile sahani. Nikamwambia nimemwona Karani akienda porini mwenyewe, hata hakugeuka. Hayo ya kugeuka baba hakuyasema. Niliyatunga mimi. Sahani ikanyamaza.

Sasa mwaona mahali nilipokwama. Skola yuko Ruangwa, mjane, watoto wake wako Dar es Salaam, nyumba yake ina kivuli, na hakuna mtu duniani anayejua kulea kiumbe mgonjwa kumzidi. Tangu siku ya kwanza nilijua Mstaafu ni wa kwake. Nilizunguka mji mzima ili nisimpigie simu. Zilipobaki siku mbili nikampigia.

"Paka?" alisema. "Mimi na paka tulishamalizana, Kosmasi. Karani nilimtafunia chakula kwa kinywa changu, na akaondoka hata hakugeuka. Mnyama gani huyo?"

Alitumia maneno yangu yale yale, na alikuwa ameyatunza miaka yote hiyo. Nikaona wazi kwamba uongo wangu wa utotoni ndio unaomfungia mlango huyu paka, na kwamba kwenye simu sitaufungua. Enzi zetu habari nzito zilipelekwa kwa miguu. Mimi nilikwenda kwa pikipiki, Mstaafu kwenye kikapu cha ukindu nyuma yangu, na nadhani nilisimama mara kumi kabla ya kuingia Ruangwa. Kila mara nilijiambia namwangalia paka. Yeye alikuwa salama. Nilikuwa natafuta sababu ya kugeuza.

Skola alikuwa uwanjani anachagua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepungua. Kikapuni mna nini?"

Niliogopa kwamba nikikaa sitasema, kwa hiyo nilisema nikiwa nimesimama, kofia ngumu ya pikipiki bado mkononi. Nilimweleza yote, baba, gunia, kijito, mizunguko kumi na minne. Mwanzoni vidole vyake viliendelea kuchagua. Nilipofika kwenye kukoroma vikasimama.

"Baba alikutuma," alisema, kama anayenisaidia.

"Kumpeleka, ndiyo. Kukwambia kwamba hakugeuka, hapana. Hilo ni langu."

Mbaazi moja ilidondoka nje ya ungo, akaiokota, akairudisha.

"Miaka yote nimemtukana mnyama wa watu," alisema mwishowe. "Watoto wangu waliniomba paka, nikawakatalia. Wajukuu wakaniomba, nikawakatalia. Nikawaambia paka hana shukrani. Kosmasi, mimi nilikuwa naliamini kila ulilosema."

Machozi yalinitoka, mwanamume mwenye mvi, mchana kweupe, majirani wanapita. Hakunibembeleza. Aliinuka akafungua kikapu. Mstaafu hakutoka, aliinua tu kichwa kuelekea kwenye sauti yake. Skola akaingiza mkono, akampapasa taya, akamfunua mdomo, akamnusa sikio, kama alivyokuwa akitunusa sisi tukiwa na homa.

"Anakula nini?"

Nikamweleza: dagaa wa kusagwa, uji mwepesi, maji yasikauke, nusu kidonge asubuhi. Nikamuuliza kama nitafute gunia.

"Huyu hazungushwi," alisema kwa ukali. "Akitaka kwenda, aende akiijua njia."

Akamwingiza ndani kifuani, kisha akarudi mlangoni mikono mitupu. "Paka nimempokea. Wewe nenda, usije ukachelewa." Ilikuwa saa saba mchana. Sijawahi kuondoka kwa dada yangu bila kula. Hata siku ya msiba wa shemeji alihakikisha nimekula. Nilirudi Nachingwea na njaa yangu, sikuthubutu hata kununua muhogo njiani.

Hamisi ameshahama. Mstaafu yu hai, na hilo lingetosha kunituliza, lakini halinitulizi. Enzi zetu dada akikununia ulijua pa kwenda. Ulikwenda jikoni, ukachutama karibu na moto, ukachochea kuni bila kutumwa, ukavumilia moshi mpaka achoke kukuona, akusukumie ukoko wa chini ya sufuria bila kukutazama. Ukishautafuna, ugomvi umekwisha, wala hakuna aliyeomba radhi. Siku hizi tunanuniana kwa simu, mmoja Ruangwa, mwingine Nachingwea, na simu haina jiko la kuchutama. Kila asubuhi nilimpigia. "Shikamoo dada, umeamkaje?" Naye alijibu, "Amekula," akakata. Hali yake mwenyewe hakunipa.

Jana niliamua nisipige, nisimchoshe. Nilifagia banda la kuku mara mbili. Nilikaa, nikasimama, nikamgombeza Neema bila kosa. Saa sita simu ikaita.

"Leo hujauliza," alisema Skola.

"Naogopa kukuudhi, dada."

Nilisikia mwiko ukikwangua sufuria, taratibu, huku na huku.

"Amekula uji wake," alisema. "Umebaki ukoko, na huyu paka wako hana meno. Sijui nimpe nani."

Nikatoa pikipiki nje.