Kidani cha Sarafu za Kiyunani

Siku moja ya mwaka wa sabini naikumbuka kwa aibu, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimeshaposwa hapa Maskati. Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi na bibi yangu, Bi Zuwena, aliyenilea. Yeye alinipa kidani chake nivae harusini: sarafu mbili za fedha za Wayunani wa kale, zenye uso wa mwanamume mwenye pembe, kila moja imezungushiwa dhahabu. Alikitoa Unguja amekishonea kwenye pindo la nguo. Chengine cha thamani hatukutoka nacho.

Shangazi yake mchumba wangu akakiona. "Sanamu hilo," akasema kwa Kiarabu mbele ya wanawake. "Mambo ya Waswahili. Bibi arusi wetu haingii nalo."

Nami nilitaka kupendwa. Kesho yake nikenda kwa sonara katika soko la Matrah, nikamwambia azitoe sarafu, dhahabu aiyeyushe anifanyie bangili kama zao. Alikuwa ameshayeyusha dhahabu ya sarafu moja bibi alipoingia. Jirani aliyeniona ndiye aliyemwambia.

Hakunipigia kelele. Alichukua kilichobaki mezani.

"Anayekwambia uvue hiki leo, kesho atakwambia uache na lugha yako," akasema. "Utavua mpaka lini, mjukuu wangu?"

"Na wakivunja uchumba?"

"Wavunje. Tutarudi nyumbani kwetu tule chakula chetu."

Nikaingia harusini na ile sarafu moja iliyosalia na dhahabu yake shingoni. Shangazi akainyooshea kidole mbele ya ukumbi mzima. Nikamjibu kwa Kiswahili, makusudi, kisha nikamfasiria kwa Kiarabu: "Hii tunaivaa, hatuiabudu. Asiyeitaka hii, hanitaki mimi."

Mama mkwe akasogea, akanipisha nikae ubavuni mwake. Shangazi alitoka, asiseme nami miaka saba. Sikumwomba radhi, wala leo siombi.

Dhahabu iliyoyeyuka haikurudi, na kosa hilo ni langu. Ndiyo maana nakwambia wewe ungali mdogo: waheshimu wakwe zako, jifunze adabu za kila nyumba utakayoingia, lakini usikubali kujipunguza ili ukubaliwe. Anayekutaka nusu, mwambie hapana, tena mwambie usoni.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe moyo mkubwa, na akujaalie watu wa kukupokea mzima mzima. Amin.