Mzee Anayeinamia Kamera

Wiki iliyopita nilikuwa studio moja ya picha mtaani Kakoba, nikingoja zamu yangu kwa mzee Mkongomani mwenye kamera ya kizamani, ile ya sanduku ambayo mpigaji huinamia kioo kilicho juu yake. Mbele yangu alikuwa mwanajeshi, mkewe na watoto wawili. Kesho yake alikuwa anapelekwa vitani.

"Wewe mzee, angalia sisi! Huko chini iko nini?" alifoka, akisogea mbele kila mzee alipobonyeza. Picha tatu zikaharibika.

"Afande, niko nabaona nyiye humu ndani ya kioo," mzee alisema, jasho likimtoka. "Filimu iko ya picha kumi na mbili tu. Kuya basi uangalie weye mwenyewe."

Mwanajeshi akainama, nami nikachungulia begani kwake. Kiooni walikuwemo mkewe na watoto, na kando yao nafasi tupu. Kisha akarudi, akamshika mkewe mkono, akatulia tuli. Picha ikapigwa.

"Bwana, filimu imeisha," mzee akaniambia. "Urudi kesho."

Nilikuwa nimengoja tangu saa nne asubuhi, nimejiandaa kugomba. Nikakosa wa kugombana naye.