Ubeti Uliomezwa na Shingo

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kila Jumamosi alasiri chumba chake cha kushonea hugeuka baraza la mashairi. Sheria ni moja: lete shairi unalolipenda, la kale au la jana, kisha useme kwa nini. Ukishindwa, unapewa mashati ushone vifungo. Mimi nimeshona vifungo vingi sana.

Muuguzi wa nyumba ya pili husoma kwenye simu mashairi mapya yasiyo na vina wala haya. Mwalimu mstaafu huleta ya kale, na huhesabu mizani kwa vidole hata akisalimiwa. Shangazi hufunga baraza kwa beti tatu alizotungiwa na marehemu mume wake walipokuwa wachumba, wote wawili mafundi wa chumba hikihiki: "Hodi nabisha mlango, mpenzi nifungulie..." Shairi hilo lilikuwa limetuchosha, lakini nani angethubutu kusema? Mkasi uko mkononi mwake.

Jumamosi moja Mwalimu akaingia anatabasamu sikio hadi sikio, ameshika gazeti kuukuu.

"Mama, nimekuletea heshima. Marehemu alichapishwa gazetini! Hodi nabisha mlango, hili hapa!"

Muuguzi akalichukua, akatazama tarehe juu ya ukurasa. "Mwalimu, wakati huo marehemu alikuwa na miaka miwili. Halafu hili jina si lake."

Mwalimu huhesabu mizani, hahesabu miaka. Shangazi akasimamisha cherehani.

"Miaka thelathini na moja nimelala na mwizi," alisema Shangazi. Akaitoa picha ya mumewe ukutani, akailaza kifudifudi kwenye boksi la zipu. "Alinipata kwa maneno ya mtu. Sasa niambieni, la kwake lilikuwa lipi?"

Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kupewa vifungo.

"Soma lote," akaamuru.

Mwalimu akasoma. Beti tatu za kwanza zilikuwa zilezile, neno kwa neno. Ubeti wa nne ulijaa nyota, mbingu na machozi ya kufurika.

"Huo siujui," alisema Shangazi. "Wangu wa nne ni mwingine. Huwa siusomi, naona aibu."

Akageukia msumari wa ukutani, palipotundikwa furushi la vipande vya magazeti vilivyokatwa kwa umbo la shati, ambavyo mafundi huvilaza juu ya kitambaa ili wakate bila kupotea. Yeye na mumewe walivirithi kwa fundi aliyewafundisha kazi. Akavipekua kimoja kimoja: mikono, mifuko, kola. Hatimaye akafika kwenye mgongo wa shati kubwa, akaukunjua juu ya meza. Shairi lilelile la gazetini lilikuwa pale, beti tatu zimenyooka. Pa ubeti wa nne palikuwa na tundu la shingo.

"Alinakili mpaka gazeti likamwishia," alisema Muuguzi, akaangua kicheko. "Ikabidi atunge mwenyewe!"

"Tusomee basi, Mama," alisema Mwalimu.

Shangazi akasita, kisha akausema bila kututazama:

"Nami fundi wa suruali, sina mali sina shamba,
ila kiuno chako nakijua bila futi."

Vidole vya Mwalimu vilikuwa vimeshaanza kazi. "Mstari wa kwanza umezidi mizani moja. Wa pili umepungua moja. Vina, hata kwa dawa! Ukitaka, nitaurekebisha."

"Uguse uone nitakachokukata."

Akairudisha picha ukutani, akaipangusa kwa kiganja, machozi yakimtoka waziwazi. Muuguzi, ambaye hajui kunyamaza, akauliza kama ni kweli, bila futi kabisa?

"Nilinenepa kila mwaka," alisema Shangazi. "Na kila mwaka alinishonea gauni. Hakuwahi kukosea."