Mpishi wa Chapati Asiyeruhusiwa Kuonja

Saa kumi na mbili asubuhi, unga wa ngano unapaa katika jiko la hoteli ndogo ya Kibokoni, Mombasa, na Masha Kiti amejifunga barakoa hadi machoni kama mtu anayekwenda kuiba benki. Anakanda. Anatia chumvi. Kisha anasita, kidole kikiwa karibu na donge.

"Wekesa! Njoo uonje!"

Wekesa, kuli wa gati la Mbaraki anayepita hapa kabla ya zamu, anabana kipande cha unga mbichi na kukitafuna. "Imekolea. Na huu ulimi wangu unalipwa lini?"

Masha hacheki. Ana miaka thelathini na tisa, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza mbele ya kibao cha chapati. Mwaka jana aliharisha na kukonda mpaka suruali ikaomba kamba.

"Majirani walishanizika," anasema. "Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake wa kunipa."

Vipimo vya hospitali vikataja siliaki: akila ngano au shayiri, mwili wake hushambulia utumbo wake wenyewe. Tiba ni kuacha kabisa. Kumwambia hivyo mpishi wa chapati ni kama kumkataza kuli kugusa gunia.

Aliacha. Akala wali, muhogo na mbaazi. Miezi mitatu ikapita, tumbo bado linamsokota. Mkewe, Mercy, ndiye aliyegundua, siku alipomletea chakula jikoni.

"Baba Dzoro, umetia nini mdomoni?"

"Naonja chumvi."

"Si ngano hiyo?"

"Huku si kula, mama. Ni kazi."

Kila asubuhi, miezi yote hiyo, alikuwa akilamba donge bichi. Kwa wapishi wa chapati, kuonja hakuhesabiwi. Utumbo wake ulikuwa ukihesabu.

Mwenye hoteli, mzee Badawi, hakupendezwa. "Mpishi anaazima ulimi wa kuli? Wateja wakijua watasemaje?" Amempa mpaka mwisho wa mwezi: aonje mwenyewe, au ampishe mwingine. Hapo pana shilingi mia nane kwa siku, na watoto watatu shuleni.

Ndiyo maana ujumbe wa binamu yake ulimtia kiwewe: ati kuna dawa za siliaki zinajaribiwa ng'ambo. Wiki iliyopita alimkimbilia daktari.

"Nikimeza hicho kidonge, naweza kuonja? Kidogo tu?"

"Bado zinajaribiwa, Masha. Nyingine zimeshindwa njiani. Hakuna nitakayokuandikia leo, wala siwezi kukutajia mwaka."

Hata ikipatikana, daktari akaongeza, huenda ikamkinga na chembe za ngano zilizomponyoka tu, si kumrudishia sahani ya chapati. Na vumbi la unga je? Masha akauliza. "Hilo nalo unalimeza."

Masha alitoka akihesabu siku. Sasa mwezi umebakiza siku kumi na moja. Dawa haina tarehe.

Sasa ana mpango, na anausema kwa sauti ya chini, maana Badawi yuko mlangoni. Anataka kuacha chapati apike vibibi na mkate wa kumimina, vya mchele na tui, kwa chuma kipya cha kupikia ambacho hakijawahi kuona ngano. Mercy amekwisha kuloweka mchele. Kesho atampelekea Badawi sahani.

"Na mzee akikataa?" anauliza Wekesa.

Masha anafuta unga kwenye nyusi.

"Nitapikia barazani kwangu. Hao wenye dawa waendelee kuitafuta, siwaharakishi. Lakini siku hiyo dawa itakapofika Mombasa, nataka inikute bado nina utumbo wa kutibiwa."