Nilivyokataa Bibi wa Kitabuni Afe

Likizo ile ya Agosti nilikuwa kidato cha tatu, na nyanya yangu alikuwa ameletwa kwetu Garissa kutoka Modogashe kwa sababu ya kifua. Tulimwita ayeeyo, kama Wasomali wote wanavyomwita nyanya. Daktari alisema asitembee sana. Mtu aliyefuata ngamia tangu utotoni akaambiwa alale kitandani chini ya feni! Alijigeuza, akaomba maji, akayakataa, akauliza ni nani amepita barabarani. Nami sikuwa mtulivu kumzidi. Mama akatuchoka sote wawili. "Msomee kitu," akaniambia.

Nilikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi, riwaya ya vijana niliyoazima shuleni, ya Kiingereza. Ilimhusu msichana wa miaka kumi na mitano na bibi yake, wanaovuka nchi ya theluji kwa miguu kumtafuta baba aliyepotea vitani. Nilisoma Kiingereza kimoyomoyo, nikatamka Kisomali. Theluji ilinishinda, nikasema ni kama ile barafu inayoganda ndani ya friji, ila imefunika nchi nzima.

"Na mifugo yao inakula nini?" ayeeyo akauliza.

"Hawana mifugo."

"Basi ni maskini kweli."

Siku ya nne akaanza kuniamsha yeye ili nimsomee. Alimpenda yule bibi kizee, alivyonusa upepo na kujua njia. Alimgombeza pia. "Angeondoka kabla ya baridi. Mjinga huyu." Jioni moja nilitangulia kusoma peke yangu, nikafika mahali bibi anapovua viatu vyake, anampa mjukuu, anabaki kibandani kufa. Chumba cha pili ayeeyo alikuwa anakohoa kikohozi kile kirefu ambacho mama alikuwa akikihesabu kimyakimya.

Kesho yake nilipofika ukurasa ule, nikauruka. Nikasema bibi alipumzika, akapata nguvu, wakaendelea. Sikujua nimejitia kazi gani. Kitabu kilikuwa kimebaki na sura tisa, na katika zote tisa ilibidi nimbebe mwanamke aliyekufa. Nilimpa maneno ya watu wengine, nikampandisha gari la mizigo, na nilipokosa la kumfanyia nikasema amelala. Mwisho nikamfikisha mjini, akamkumbatia mwanawe. Ayeeyo akasema alhamdulillahi, akalala usingizi mzuri.

Ijumaa baada ya swala akaja binamu yangu anayesoma chuo kikuu hapa hapa Garissa, laptopu kwapani. "Kile kitabu chako kimetengenezewa filamu," akasema. "Nimeipata."

"Betri itaisha," nikasema.

"Stima si ipo?"

"Ayeeyo hajui Kiingereza."

"Ninaijua hadithi," ayeeyo akajibu, tayari ameketi. "Weka hapa."

Sikuweza kukaa. Nilikwenda kupika chai ambayo hakuna aliyeitaka. Nikarudi, nikatoka kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi. Kila niliporudi walikuwa wamesogea karibu zaidi na kile kibanda. Nikasimama mlangoni nikiwa na kanga ya mama mkononi, nikaona viatu vikivuliwa. Muziki ukapanda. Msichana akatoka peke yake, na nyayo zake zikaonekana kwenye weupe ule.

"Rudisha," ayeeyo akasema.

Binamu akarudisha. Tukaona tena.

"Amekufa huyu."

"Filamu huwa zinabadilisha vitabu," nikasema haraka.

Binamu akageuka. Alikuwa amekisoma kitabu kabla yangu. "Hata kitabuni anakufa, abaayo, dada yangu. Kwani hukufika hapo?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Ayeeyo akanigeukia, akauliza taratibu, "Uliogopa nini?"

Nikaanza kuikunja ile kanga. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

"Nimezika watu sita njiani wakati wa ukame," akasema. "Mmoja wao mwanangu. Unadhani hadithi ndiyo itakayoniua?" Kisha akaashiria laptopu kwa kidevu. "Hawa wameweka ngoma tu. Alimwambia nini msichana? Kalete kitabu."

Nikakileta. Nilipoteza mstari mara mbili. Nilimsomea ukurasa ule wote bila kupunguza neno. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza nilingoja alie, au anikemee.

"Anaongea sana kwa mtu asiye na pumzi," akasema. "Ila viatu, hapo amefanya vizuri. Haya, endelea. Mara hii usiniongopee."

Lakini Jumatatu shule zilifunguliwa, nami nilikuwa nalala bweni. Tulikuwa tumesoma sura mbili tu zaidi. Kitabu nilimwachia binamu, nikamwandikia mwalimu wa maktaba barua ya kuomba muda. Muhula mzima niliwaza wanasoma wapi sasa, na binamu anatumia neno gani kwa theluji.

Desemba niliporudi, kikohozi kilikuwa kimepungua. Walikuwa kwenye riwaya nyingine kabisa. Binamu alitafsiri pole pole na vibaya, akiruka maneno magumu. Niliketi karibu na mlango, mguu ukinichezacheza, nikamsahihisha mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

"Wewe," ayeeyo akasema bila kufumbua macho, "tulia au utoke nje. Tunataka kusikia."